Mwaka Leta Ilipoondoa Noeli

Mwaka 1974 serikali ya Zaire, Leta kama tulivyoiita, iliiondoa Noeli kwenye sikukuu za nchi. Tarehe 25 Desemba, iliyoangukia Jumatano, ikawa siku ya kazi kama nyingine zote: ofisi wazi, soko wazi, karani mezani pake. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Bunia, mtaa wa Mudzipela, upande wa misheni. Watu wa rika langu wakiikumbuka miaka ile husema Mobutu aliiua Noeli. Mimi sikuiona ikifa. Nyumbani kwetu haijapata kuwa kubwa kama mwaka ule, na walioikuza walikuwa watoto, kwa udongo, karatasi na mafuta ya mawese. Nayaandika haya sasa kwa sababu wengi waliokuwa watu wazima wakati ule wameshatangulia, na wajukuu wangu wanapouliza, hakuna mwingine wa kuwajibu.

Mambo hayakuanza na Noeli. Mwanzoni mwa 1972 kila raia alitakiwa kuacha jina la kizungu na kuchukua la mababu. Rais mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko, na padri ambaye angembatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo cha miaka mitano. Mwaka huohuo vyama vya vijana vya dini vilipigwa marufuku, ili vijana wote wawe chini ya chama kimoja cha nchi. Yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa Xaveri, harakati aliyoianzisha Padri Georges Defour kule Bukavu mwaka 1952. Huko alijifunza kufunga kamba, kusuka, kukata karatasi, kuchonga, kuongoza wadogo. Chama kilipofungwa, Mama aliikunja skafu yake akaiweka chini kabisa ya sanduku la nguo. Lakini mikono ya Yaya haikuweza kukunjwa. Alikuwa na kipaji cha kuwafundisha wengine na hakuwa na wa kumfundisha isipokuwa sisi.

Kisha likaja jambo la maduka. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yapewe wananchi. Bunia ilikuwa na Wagiriki wengi wenye maduka kwenye barabara kubwa, na huko ndiko Mama alikonunua riboni, mishumaa, karatasi za rangi na bombo za watoto kila Desemba. Waliokabidhiwa maduka hayo tuliwaita akereri. Wengine walifanya bidii, lakini wengi waliuza kilichokuwa kwenye rafu na hawakujua pa kuagiza kingine. Mwaka mmoja baadaye rafu zilikuwa tupu. Nakumbuka tukisimama mbele ya duka moja, Mama akiangalia ndani kwa muda mrefu, kisha akatushika mikono tukaondoka. Hapakuwa na cha kununua, hata kama zaire na makuta zingekuwepo mfukoni.

Jioni hiyo ndipo aliposema. Baba alikuwa bado hajarudi. Mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, nasi tumemzunguka.

"Baba yenu iko mutu wa Leta. Ile siku ataenda ku kazi. Siye tutabaki hapa na Noeli yetu."

Mdogo wetu akauliza Noeli itatoka wapi.

"Mikono munayo," Mama akasema.

Udongo ulikuwa wa Shari. Mto huo unapita pembeni mwa mji, na kingo zake zina udongo mzito wa kijivu ambao ukikauka hushika sana. Sisi watoto tuliujua vizuri mwaka ule kuliko mwaka mwingine wowote, kwa sababu ya ngumi. Tarehe 30 Oktoba, Muhammad Ali alipigana na George Foreman kule Kinshasa. Pambano lilianza saa kumi alfajiri kwa saa za huko, kwetu saa kumi na moja, na mtaa mzima ulikuwa macho, umebanana kwenye redio chache. Kwa wiki nyingi baada ya hapo, kila mvulana wa Mudzipela alifinyanga Ali na Foreman. Walikuwa wakisimamishwa juu ya matofali, wakiangushwa, wakifinyangwa upya. Yaya alipotaka udongo wa kutengenezea watu wa pango la Noeli, mabondia wa kaka zangu ndio waliokuwa wa kwanza kuingizwa kwenye beseni la maji. Kaka mkubwa alilia kwa ajili ya Foreman wake, kwa kuwa alikuwa amempatia mabega kweli.

Nyanya yetu, mama yake Mama, ndiye aliyekuwa fundi. Alikuwa amefinyanga vyungu tangu usichana, naye alitukataza kuharakisha. Udongo ulipondwa kwa mti, mizizi na kokoto zikatolewa moja moja, kisha ukachanganywa na vigae vya chungu cha zamani vilivyosagwa hadi vikawa kama unga. Vigae hivyo huuzuia udongo mpya usipasuke unapokauka. Tuliufunga kwenye majani ya migomba ukalala. Tulipoanza kufinyanga, Nyanya alipita nyuma yetu, na kila sanamu nene aliichukua, akaigeuza, akaisukumia kidole gumba kutoka chini mpaka ikawa na uwazi tumboni. Sanamu iliyojaa udongo mtupu hupasuka motoni, kwa kuwa unyevu ulio ndani hukosa njia ya kutokea. Alituonyesha kwa kuichoma moja tuliyoificha asiiguse, na tukaisikia ikilia pu! ndani ya moto. Baada ya hapo hakuna aliyebishana naye.

Kukausha kulifanyika kivulini, uvunguni mwa kitanda cha wazazi. Desemba ndipo mvua za Bunia zinapoanza kupungua, na jua la mchana likikipata kitu kibichi hukikausha nje kabla ya ndani. Nyanya alituwekea zamu ya kugeuza sanamu asubuhi na jioni. Kuchoma kulikuwa kwenye shimo nyuma ya nyumba, kwa nyasi kavu, vipande vya mikaratusi na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ambacho hushika moto polepole na kuutunza. Ng'ombe hawakuwa mbali. Nyanda za juu zinazouzunguka mji zina wafugaji, na watoto wa mfugaji mmoja jirani walituletea kinyesi hicho kwenye ndoo kwa sharti kwamba nao wafinyange. Ndiyo maana pango letu lilikuwa na ng'ombe wengi kupita kiasi. Kondoo walikuwa wachache, kwa kuwa hao hakuna aliyekuwa na hamu nao.

Padri mmoja wa misheni, Mmisionari wa Afrika mwenye ndevu nyeupe, aliwahi kutueleza katika katekisimu kwamba pango la kwanza alilitengeneza Mtakatifu Fransisko kule Greccio, Italia, mwaka 1223, kwa ng'ombe na punda wa kweli, ili wanakijiji waone kwa macho. Nililipenda jambo hilo tangu siku ile, kwamba watu wa Greccio walitumia wanyama wa kwao. Nasi tulifanya vivyo hivyo bila kuambiwa. Maria wetu alimbeba mtoto mgongoni kwa kitambaa. Yaya alisema kwenye picha za kanisani amemlaza horini. Nyanya akauliza ni mama gani anayetoka kujifungua akamweka mtoto mbali na mwili wake, tena usiku wa baridi. Hoja ikaisha. Yosefu alikuwa na shoka. Wachungaji walikuwa na fimbo ndefu na walisimama kwa mguu mmoja, kama wachungaji wa kwetu wanavyopumzika, na kuwafanya wasimame hivyo bila kuanguka kulituchukua siku nzima.

Shida ilikuwa wafalme. Ngamia hakuna aliyewahi kumwona. Kaka mdogo, aliyekuwa amesimuliwa na mjomba wetu aliyefanya kazi Epulu, kule msituni wanakotunzwa okapi, akaamua mfalme wake angekuja juu ya okapi. Alimchora milia miguuni kwa makaa na pemba, ule udongo mweupe. Mwingine alikuja kwa mtumbwi, kwa kuwa alitoka ng'ambo ya ziwa, na mtumbwi wake ukawekwa juu ya kipande cha kioo kilichovunjika. Wakati huo hata ziwa lilikuwa limebadilishwa jina, likaitwa Ziwa Mobutu Sese Seko, lakini Kasenyi, bandari ya samaki wetu, ilibaki Kasenyi. Mfalme yule alileta samaki wa udongo, kapitene, mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Nikiangalia leo mapango ya plasta yanayouzwa mijini, yenye nyuso zilezile za waridi kutoka kiwandani, nasikitika kwa ajili ya watoto wanaokatazwa kuyagusa. Letu liliguswa na kila mtu aliyeingia nyumbani, likavunjika na kuungwa, na hapo ndipo nilipojifunza habari za Betlehemu kuliko katika somo lolote.

Karatasi zilitoka kwa Baba. Alikuwa karani katika ofisi ya serikali, na karatasi zilizoharibika, zenye maandishi upande mmoja, aliruhusiwa kuzibeba. Hatukuwa na nyingine. Kurasa za kaye za shule zilihesabiwa. Gundi ilikuwa unga wa muhogo uliokorogwa na maji, ukapikwa polepole huku ukizungushwa mpaka ukawa wa kuvutika. Rangi zilikuwa makaa, udongo mwekundu wa barabarani, pemba, na bluu ya kufulia nguo nyeupe, ambayo Mama alitupimia kwa ncha ya kisu. Tulikata minyororo, maua, ndege. Lakini kazi ambayo Yaya aliiweka moyoni ilikuwa nyota.

Alipasua matete, akayafunga kwa nyuzi za migomba yakawa nyota mbili za pembe tano, akazitenganisha katikati kwa vijiti ili ziwe na tumbo. Akazivika karatasi, akaacha mlango mdogo nyuma na tundu juu la kutolea moshi. Kisha akapaka karatasi mafuta ya mawese kwa manyoya ya kuku. Karatasi iliyokunywa mafuta hupitisha mwanga, na mawese huipa rangi ya chungwa. Ndani alining'iniza kikopo cha nyanya chenye utambi, kilichofungwa kwa waya, mbali na kuta zake. Sisi wengine tulidhani amemaliza. Kumbe alikuwa ameandika kitu kwa upande wa ndani, kwa wino wa Baba.

Usiku wa tarehe 24, baada ya kula, aliiwasha. Majina yetu yalitokea. Yale ya ubatizo, ambayo tangu 1972 hayakutajwa shuleni, hayakuandikwa kwenye kitambulisho, wala Baba hakuyatamka nje ya mlango. Yalisimama kwenye pembe za nyota, kila mmoja na lake, na la Mama na la Baba katikati. Mdogo wetu, aliyezaliwa baada ya amri ile, hakujua kuwa naye alikuwa nalo. Yaya ilibidi amsomee. Alilirudia mara nyingi mno mpaka Mama akamwambia ashushe sauti.

Tena kukatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Karatasi zile za ofisi zilikuwa na nembo ya chama cha nchi kwenye kichwa, mkono ulioshika mwenge. Mafuta yalipoingia na taa ilipowaka, mwenge nao ulionekana, karibu na majina, kichwa chini kwenye pembe mojawapo. Baba aliutazama. Nilidhani angeizima. Alinyoosha mkono, akaigeuza nyota taratibu ielekee uani badala ya barabarani, akarudi kukaa. Wengine wakisikia hadithi hii husema familia yenu ilipinga utawala. Hapana. Baba alikuwa mtumishi mwaminifu, alivaa abakosti, koti la utawala ule, alikwenda salongo, kazi za lazima za umma, na aliimba walichoimba wote. Alitaka tu watoto wake wawe na usiku wao. Naona ni kumpunguzia heshima kumfanya shujaa wa siasa, wakati alichokifanya alikifanya kama baba.

Asubuhi kulikuwa na misa kabla ya kupambazuka, giza likiwa bado zito, ili watu wawahi kazini. Tulitembea na majirani kwa taa za mkononi, kanisa likajaa hadi nje. Saa moja na nusu Baba alikuwa ofisini. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mama mwenye watoto wangu, nilimwuliza siku ile ilikwendaje. Akasema wote walifika, hakuna aliyechelewa, na mkubwa wao pia. Kila mmoja alikuwa na vumbi jekundu hadi kwenye vifundo vya miguu, vumbi la njia ya kanisani au ya hekaluni. Walitazamana viatu, wakaketi, wakapiga chapa barua zao. Hakuna aliyesema neno juu ya hilo hadi saa ya kutoka.

Nasema hekaluni kwa sababu majirani zetu wa upande wa kushoto walikuwa waprotestanti wa CECA. Wao hawakutengeneza pango. Sanamu hawakuzitaka nyumbani. Walikuwa mafundi wa matawi. Walijenga tao la michikichi mlangoni, wakachomeka maua ya bugenvilia, na watoto wao waliigiza kuzaliwa kwa Yesu kwa mashuka na fimbo. Mwaka ule tao halikujengwa mbele ya nyumba. Lilijengwa kati ya ua wao na wetu, pale palipokuwa na mwanya wa uzio, na jioni, Baba aliporudi, wali, kuku, sombe na samaki wa Kasenyi vilipita chini yake kwenda pande zote mbili. Igizo lao lilifanyikia mbele ya pango letu, jambo ambalo sidhani kama lingetokea katika mwaka ambao Noeli ilikuwa ruhusa. Zawadi zilisubiri wiki moja. Mwaka mpya ulibaki sikukuu, na watoto wa Bunia walizunguka nyumba kwa nyumba wakiita "Bonane!" kama kawaida, wakipewa mandazi na sarafu. Safari hiyo kila nyumba iliyotoa mandazi ya Bonane ilijua inatoa pia ya Noeli.

Muda mfupi baadaye shule za misheni zilichukuliwa na serikali, somo la dini likaondolewa, misalaba ikashushwa madarasani. Mwaka 1977 shule zilirudishwa mikononi mwa makanisa. Majina yakarudi kwa kila mtu mwaka 1990, kamba ilipolegezwa. Sisi tuliendelea kufinyanga kila mwaka, kwa mazoea na kwa furaha.

Mwaka 2003 ndio ninaopaswa kuusema. Mwezi wa tano majeshi ya Uganda yalipoondoka, Bunia iliwaka kwa mapigano ya makundi ya wenyeji, watu wakakimbilia Beni, wengine wakalala karibu na uwanja wa ndege chini ya maturubai. Mwezi wa sita kikosi cha Ulaya kilichoongozwa na Wafaransa kikaingia, na mwezi wa tisa askari wa Umoja wa Mataifa, MONUC, wakapokea ulinzi. Sisi tulitoroka kwa miguu kuelekea Beni na tukarudi kabla ya Desemba. Nyumba ilikuwa imechukuliwa milango na mabati. Udongo wa Shari ulikuwepo. Niliwaketisha watoto wangu na wa majirani, waliobaki, tukaanza.

Wachungaji wao walikuwa na bunduki. Sikuwaomba wafanye hivyo wala sikuwakataza. Mtoto mmoja, ambaye kabila lake na letu yalikuwa yameambiwa yasikae pamoja, alifinyanga kizuizi cha barabarani na kukiweka mbele ya pango, na mfalme wa kwanza akasimamishwa hapo. Mwingine alikata kopo la maziwa akatengeneza gari la MONUC, akalipaka chokaa. Walibishana kwa sauti kubwa kama wafalme wapite. Mwishowe yule aliyefinyanga kizuizi alikivunja mwenyewe kwa kidole, akaufanya ule udongo kuwa mbuzi. Katika vita ile niliona mambo mengi ambayo siwezi kuyaandika, lakini hili nilitaka liandikwe, na mtoto yule, ambaye leo ni mwalimu, ameniruhusu.

Siku hizi tarehe 25 Desemba ni sikukuu ya nchi. Madukani kuna miti ya plastiki na taa za kumetameta zinazopita Uganda kuja kwetu, na sina ugomvi nazo. Wajukuu wangu wamefunga taa hizo dirishani na zinapendeza umeme ukiwepo. Lakini vita haijaondoka Ituri, mkoa wetu. Mapigano ya eneo la Djugu bado yanawatoa watu vijijini, na watoto wengi wanaishi kambi ya Kigonze, hapa hapa Bunia. Desemba iliyopita tuliwapelekea udongo uliokwisha kupondwa, kwa mfuko, pamoja na vigae vilivyosagwa. Akina mama wa kule wanajua kufinyanga kunizidi. Walichokosa ni kibali cha kuchimba na mahali pa kuchomea salama kati ya mahema. Mwaka huu tumekubaliana na wafyatua matofali wa bonde la Shari kwamba sanamu zitaingia kwenye tanuri lao, juu ya tofali za mwisho, ambako moto si mkali. Zinatakiwa ziwe zimekauka kabisa kufikia katikati ya mwezi, kwa hiyo tunaanza kuchimba Jumamosi ya kwanza ya Desemba.